Je, Simu Inaweza Kuishinda Sheria?

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, somo hili limezaliwa na swali. Siku moja, baada ya Isha, tulikuwa kwenye halaka yetu ya kila wiki. Ndugu mmoja wa mwaka wa pili akanyanyua mkono na kusema: "Sheikh, mimi nafungua Facebook kwa VPN kila siku. Serikali imeifunga, lakini haiwezi kunizuia wala haijui kama nimeingia. Sasa sheria isiyoweza kunikamata, bado ni sheria juu yangu?" Wengine wakacheka. Dada mmoja upande wa pili akaongeza: "Na vitabu tunavyotoa fotokopi Wandegeya je?" Hapo kicheko kikaisha, maana wengi wetu tulikuwa na vitabu hivyo ndani ya mabegi.

Maswali yale yana sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kidunia: je, ni kweli kwamba teknolojia inaweza kuifanya sheria isitekelezeke? Ya pili ni ya dini: ikiwa imekuwa hivyo, Muislamu afanye nini? Tutazichukua moja baada ya nyingine, na mifano yetu tutaanza kuitafuta hapa hapa nyumbani, Uganda.

Miguu mitatu ya sheria

Sheria ni kama kigoda cha miguu mitatu. Mguu wa kwanza ni jicho: mwenye mamlaka aweze kuona nani ametii na nani amevunja. Wa pili ni mkono: akishaona, aweze kutoza, kukamata au kufunga. Wa tatu ni moyo: watu wenyewe wawe wameridhika kwamba sheria ile ina haki na faida, hata waitii pasipo askari.

Hakuna serikali duniani yenye askari wa kutosha kumsimamia kila mtu kila saa. Taa nyekundu ya Wandegeya saa nane za usiku humsimamisha dereva kwa sababu ya mguu wa tatu, maana askari wa barabarani amekwisha kwenda kulala. Teknolojia mara nyingi huukata mguu wa kwanza, yaani jicho. Mwenye mamlaka asipoona, mkono wake hauna pa kushika. Ndipo hujulikana kama sheria ile ilikuwa na mguu wa tatu au haikuwa nao.

Kodi ya shilingi 200

Wengi wetu tulikuwa bado shule ilipoanza kodi ya mitandao ya kijamii. Machi 2018 Rais Museveni alimwandikia barua Waziri wa Fedha, akilalamikia porojo za mitandaoni, alizoziita kwa neno la kwetu, lugambo, na akapendekeza watumiaji walipie. Bunge likabadilisha sheria ya ushuru wa bidhaa, na tarehe 1 Julai 2018 kodi ikaanza. Kila mtu aliyetaka kufungua WhatsApp, Facebook, Twitter na nyinginezo alitakiwa kulipa shilingi 200 kwa siku kupitia pesa za simu. Watu wakaiita kwa herufi tatu: OTT.

Utekelezaji wake ulikuwa hivi. Unapofungua WhatsApp, simu yako hupeleka ombi kupitia kampuni ya simu, na ombi hilo hubeba anwani ya linakokwenda. Kampuni iliagizwa isome anwani hiyo: kama ni ya mtandao wa kijamii na namba yako haijalipiwa siku hiyo, mlango usifunguke. Kwa hiyo jicho la sheria lilikuwa kwenye anwani.

VPN ililipofua jicho hilo. Programu hii huchukua ombi lako na kulifunga ndani ya bahasha ya siri, kisha huipeleka bahasha kwenye kompyuta iliyo nchi nyingine, na huko ndiko inakofunguliwa na kupelekwa panapohusika. Kampuni ya simu ya hapa huona bahasha tu. Haijui kama ndani mna WhatsApp au ukurasa wa maktaba. Ndani ya siku chache mwanafunzi, mama wa sokoni na kijana wa boda boda wote walikuwa wamelijua neno VPN. Tume ya Mawasiliano, UCC, ilisema itazifunga. Lakini VPN moja ikifungwa, nyingine hufunguliwa. Zaidi ya hayo, mabenki na makampuni nayo hutumia VPN kulinda kazi zao, na kuzikata zote ni kuwakata na wao.

Matokeo yalionekana kwenye hesabu. Katika mwaka wa fedha wa 2018/19, mamlaka ya mapato, URA, ilitarajia kukusanya takriban shilingi bilioni 284 kutokana na kodi hii. Ilikusanya kama bilioni 49.5, yaani chini ya moja ya tano.

Hapa tuwe waadilifu katika hoja. Si kila shilingi iliyokosekana ilichukuliwa na VPN. Wako walioacha kuingia mitandaoni kwa sababu mfuko hauruhusu. Wako waliotumia intaneti ya ofisini au ya chuo. Na huenda makadirio yenyewe yalikuwa makubwa kupita hali halisi. Hata hivyo, VPN ilifanya jambo moja kubwa: ilimpa kila aliyeona kodi ile si haki njia ya kuikataa kimya kimya, bila kuandamana. Na walioona hivyo walikuwa wengi. Tarehe 11 Julai 2018 wengine waliingia hata barabarani, akiwemo mbunge Robert Kyagulanyi. Jicho lilikatwa na teknolojia, lakini moyo ulikuwa umekatika mapema.

Serikali haikulala

Kama hadithi ingeishia hapo, tungesema simu imeishinda sheria. Haikuishia hapo. Tarehe 1 Julai 2021 kodi ya OTT iliondolewa, na mahali pake ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya bando la intaneti, ukiacha ya huduma za afya na elimu. Tazama mabadiliko yale. Kodi ya kwanza ilimfuata mtumiaji mmoja mmoja na kumuuliza, "Unakwenda wapi?" Ya pili haiulizi kitu. Inakaa kwenye bomba, pale kampuni ya simu inapouza bando. Ukiwasha VPN, bando unalotumia limekwisha kulipiwa kodi. Tena VPN hula bando zaidi, kwa hiyo ukiitumia unalipa kodi zaidi.

Hili ni fundisho la kwanza la somo letu: teknolojia mara chache huiua sheria, mara nyingi huihamisha. Sheria huondoka kwa watu milioni nyingi wasioonekana na kwenda kwa makampuni machache yanayoonekana, yenye leseni, ofisi na wakurugenzi wanaoweza kuitwa.

Fundisho hilo lilionekana kwa uchungu zaidi Januari 2021. Siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook iliondoa akaunti ilizosema zina uhusiano na wizara ya serikali na zinadanganya umma. Tarehe 12 Januari serikali nayo ikafunga Facebook na mitandao mingine. Watu wakakimbilia VPN, kama walivyofanya katika uchaguzi wa Februari 2016. Lakini jioni ya tarehe 13 intaneti yote ilikatwa, ikarudi tarehe 18. Katika siku zile VPN haikumfaa mtu. Bahasha ya siri haina maana ikiwa hakuna barabara ya kuipitisha. Nchi yetu haina bahari. Njia kuu za intaneti yetu hupitia nchi jirani mpaka kwenye nyaya za baharini za Mombasa na Dar es Salaam, na kampuni zinazotuuzia zinafanya kazi kwa leseni ya serikali. Mwenye kushika bomba anaweza kulifunga, ingawa akilifunga anajikata na yeye: mabenki, hospitali, biashara, na hata kodi yake mwenyewe.

Intaneti iliporudi, Facebook iliachwa imefungwa kwa miaka. Wenye VPN waliendelea kuingia. Ndiyo hali aliyoisema ndugu yetu: katazo lipo, na watu wanapita pembeni yake.

Jicho linaweza pia kuongezwa

Tusisahau upande wa pili. Teknolojia ile ile inayolipofua jicho la sheria inaweza kuliongeza. Zamani muuzaji wa Kikuubo aliandika risiti kwa mkono, au hakuandika kabisa, na kodi ya ongezeko la thamani ilitegemea maneno yake. Mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA, EFRIS, umeifanya kila risiti ionekane papo hapo. Sheria ilikuwepo miaka mingi. Kilichoongezeka ni jicho. Na nini kilitokea? Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka. Juni 2025 mfumo wa faini za barabarani zinazotozwa kwa kamera ulipoanza kutumika, malalamiko yalikuwa makubwa hata ukasimamishwa kwa muda.

Hilo ni fundisho la pili. Sheria yenye jicho kali na mkono mrefu, lakini isiyokuwa na moyo, nayo hupata shida kusimama. Mashine haiwezi kukaa mahali pa ridhaa.

Mfano wa mbali: siri iliyochapishwa kitabuni

Wanafunzi wa sayansi ya kompyuta wataupenda mfano huu. Mwaka 1991 Mmarekani Phil Zimmermann alitoa programu iitwayo PGP, ya kufunga barua pepe kwa siri ambayo mtu wa kawaida hakuwahi kuwa nayo. Sheria ya Marekani wakati ule iliihesabu programu ya siri kali kama silaha, na kuisafirisha nje bila kibali lilikuwa kosa. PGP ilivuka mipaka kupitia intaneti, na serikali ikaanza kumchunguza Zimmermann. Mwaka 1995 maandishi ya programu yote yalichapishwa kama kitabu, kwa sababu kitabu kinalindwa na uhuru wa kuchapisha. Nani angekamata kitabu mpakani kwa kukiita silaha? Mwanzoni mwa 1996 uchunguzi ukafungwa, na kufikia mwaka 2000 masharti yale yalikuwa yamelegezwa sana. Leo siri ya aina hiyo iko kwenye simu ya kila mwanafunzi.

Hapo kweli teknolojia ilichangia kuiangusha sheria. Lakini angalia sababu: wafanyabiashara, wasomi na raia wengi walikuwa upande wa programu. Kwa mara nyingine, mguu wa tatu.

Wala tusidhani siri ni ngome ya milele. Mwanachuoni Al-Kindi aliyeishi Baghdad katika karne ya 9 aliandika risala ya namna ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu ni herufi zipi zinajirudia zaidi. Siri za zama zake zikawa wazi kwa kalamu na hesabu tu. Kila kufuli huja na fundi wake.

Mvinyo wa Madina na mvinyo wa Marekani

Sasa tuingie upande wa dini, na tuanze na mlinganisho ambao hata wanahistoria wasio Waislamu wanaweza kuupima.

Januari 1920 Marekani ilipiga marufuku ulevi kwa kuibadilisha katiba yake. Ilikuwa na polisi, mahakama na magereza. Watu wakapika pombe majumbani, wakaileta kwa magari na maboti ya mwendo kasi, na magenge yakatajirika. Desemba 1933 marufuku ikafutwa.

Karne 13 kabla yake, ulevi ulikatazwa Madina. Anas bin Malik (R.A.) amesimulia kwamba alikuwa akiwanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha pale mpiga mbiu alipotangaza kuwa mvinyo umeharamishwa. Abu Talha akamwambia amwage, na mvinyo ukatiririka katika njia za Madina. Hapakuwa na msako wa nyumba kwa nyumba.

Tofauti ilikuwa wapi? Bibi Aisha (R.A.) alieleza kwamba Qur'ani ilianza kwa kuteremsha habari za Pepo na Moto, mpaka nyoyo zilipotulia katika Uislamu ndipo zikaja halali na haramu, na lau amri ya kuacha mvinyo ingekuja mwanzoni, watu wangekataa. Yaani mguu wa tatu ulijengwa kwanza. Na hata katazo la mvinyo lenyewe lilikuja kwa hatua.

Ukuta alioupanda Umar

Na je, Uislamu unataka jicho la mtawala lifike kila mahali? Hapana. Surat Al-Hujurat, aya ya 12, inatukataza kupelelezana, na Surat An-Nur, aya ya 27, inatuamrisha tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na kutoa salamu. Husimuliwa kwamba Umar bin Al-Khattab (R.A.) alipanda ukuta wa nyumba aliyosikia sauti za walevi, akamkuta mwenye nyumba na kosa lake. Yule mtu akamjibu kwamba yeye amemuasi Allah kwa jambo moja, lakini Umar amekosea kwa matatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, na hakutoa salamu. Umar akamwacha.

Kwa hiyo hata katika sheria yetu kuna eneo ambalo mkono wa mtawala haukukusudiwa kulifikia. Kutotekelezeka huko ni sehemu ya rehema ya sheria. Katiba ya Uganda nayo, katika ibara ya 27, inalinda faragha ya nyumba na mawasiliano. Mwanafunzi anayefunga mazungumzo yake kwa siri ili asipelelezwe hajafanya jambo geni katika dini.

Nyavu za siku ya Sabato

Lakini upo upande mwingine wa mizani. Surat Al-A'raf, kuanzia aya ya 163, inasimulia mji uliokuwa kando ya bahari. Wakazi wake walikatazwa kuvua siku ya Sabato, na samaki walikuwa wakija kwa wingi siku hiyo hiyo. Wafasiri wanaeleza kuwa baadhi yao walibuni njia: wakatega nyavu na mashimo kabla ya Sabato, samaki wakanasa, kisha wakawachukua siku ya pili. Kwa macho ya karatasi, hakuna aliyevua siku iliyokatazwa. Allah hakuwakubalia, akawaadhibu.

Ile nayo ilikuwa teknolojia ya kukwepa sheria. Ndiyo maana wanazuoni waliandika sana juu ya hila. Imamu Bukhari ameweka kitabu kizima cha hila ndani ya Sahih yake. Ibn Al-Qayyim alizichambua kwa kirefu. Wapo, hasa miongoni mwa Hanafi, walioandika juu ya njia za kumtoa mtu katika dhiki bila kuvunja haki. Muhtasari wa mazungumzo yao ni huu: njia ya kutoka kwenye dhulma au uzito si sawa na njia ya kula haki ya mtu au kubomoa lengo la sheria, hata kama zana ni moja.

Na kumbuka kisa cha binti wa maziwa. Umar alikuwa ameshakataza kuchanganya maziwa na maji. Usiku mama akamwambia bintiye achanganye, maana Umar hawaoni. Binti akajibu kwamba ikiwa Umar haoni, Mola wa Umar anaona. Umar alikuwa nje akisikia, na baadaye akamwoza binti yule mwanawe Asim. Katika kizazi chao akatoka Umar bin Abdul-Aziz. Binti yule hakusimamishwa na jicho la serikali, kwani alijua halipo. Alisimamishwa na kujua kwamba maziwa yale yatanunuliwa na mtu, na mtu yule ana haki.

Mizani ya mwanafunzi

Basi turudi kwa ndugu yetu na VPN yake, na dada yetu na fotokopi zake. Sisi si mamufti. Tunatoa mizani ya kujipimia, na penye uzito tuwaulize maulamaa wetu. Jiulize maswali manne.

Kwanza, sheria hii inaniamrisha dhambi, au inanizuia wajibu? Surat An-Nisaa, aya ya 59, inatuamrisha kuwatii wenye mamlaka, na Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba utii ni katika mema, wala hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba.

Pili, nikiikwepa, kuna haki ya nani inayopotea? Fotokopi ya kurasa chache za kusomea ni jambo moja, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 yenyewe inaruhusu matumizi ya kiasi kwa ajili ya masomo. Kutoa nakala ya kitabu kizima cha mhadhiri anayeishi kwa kalamu yake, kisha kukiuza, ni jambo jingine. Jumuiya ya Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha Kuwait, Desemba 1988, ilipitisha kwamba haki za uandishi na ubunifu zinalindwa kisheria na haijuzu kuzidhulumu. Kwamba hakuna askari Wandegeya anayehesabu kurasa hakubadilishi kitu.

Tatu, nilikubali sharti hili mwenyewe? Uliposajiliwa chuoni ulikubali kanuni za mitihani. Kuandikiwa kazi na programu ya akili mnemba kisha ukaweka jina lako, au kupitisha majibu kwenye simu chooni, ni kuvunja ahadi, hata mhadhiri asipogundua kamwe. Waislamu hufungwa na masharti yao. Na siku ukiwa daktari Mulago, mgonjwa hatatibiwa na alama zako.

Nne, ninakimbilia wapi? VPN ya bure haiendeshwi kwa sadaka. Kampuni ya simu haikuoni, lakini mwenye VPN anaona unakokwenda, na wapo wanaouza habari hizo. Usimtoroke mlinzi unayemjua ukaingia nyumbani kwa usiyemjua.

Katika suala la kodi wanazuoni wana maelezo. Wapo waliokataza ushuru usiokuwa na msingi wa kisheria na kuuhesabu ni dhulma. Wapo, kama Al-Ghazali na Ash-Shatibi, waliomruhusu mtawala kutoza pale hazina inapopungukiwa na haja ya umma ikawa ya kweli. Katiba yetu inataja kulipa kodi miongoni mwa wajibu wa raia. Kwa hiyo asiseme mtu kwa wepesi kwamba kila kodi ni haramu ili aokoe bando lake.

Na Facebook? Kwenye halaka yetu hatukuafikiana. Wapo waliosema anayeingia kuwasiliana na wazazi au kuuza bidhaa zake hamdhuru mtu, na kufungiwa kwa miaka mingi hakuna haki. Wapo waliosema ukizoea kuruka ukuta mdogo, mguu unazoea. Mimi naona hoja ya pili ina nguvu kuliko tunavyopenda kukiri. Hatari ya sheria isiyotekelezeka ni kwamba hutufundisha kuzidharau zote. Aliyezoea kuwasha VPN kwa jambo lisilo na ubaya huiwasha usiku kwa jambo analolijua ni haramu, na kitufe ni kile kile. Hapo serikali haijapoteza kitu. Aliyepoteza ni yeye.

Njia ya mlangoni

Kuna jambo la mwisho kwa wanafunzi wa sheria waliomo miongoni mwetu. Sheria mbaya ina njia mbili za kuondoka. Moja ni kupita pembeni yake kimya kimya. Nyingine ni kupitia mlangoni. Kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya mwaka 2011 kilifanya kosa mawasiliano ya kuudhi, na watu waliweza kushitakiwa kwa maneno ya mtandaoni. Waganda wawili, Andrew Karamagi na Robert Shaka, walikwenda Mahakama ya Katiba. Januari 2023 mahakama ikakibatilisha. VPN ingeweza kumficha mtu mmoja asikamatwe kwa kifungu kile. Kesi ile ilimtoa kifungoni hata yule asiyekuwa na simu.

Jibu letu basi ni hili. Teknolojia inaweza kuifanya sheria isitekelezeke kwa muda, hasa sheria inayofuata watu mmoja mmoja na isiyokuwa na ridhaa yao. Serikali huhamia kwenye bomba, au huongeza jicho, na mchezo huendelea. Lakini sheria iliyo moyoni haihitaji jicho la kamera, na hakuna programu ya kuikwepa. Surat Al-Alaq, aya ya 14, inatukumbusha kwa swali moja tu kwamba Allah anaona. Jicho hilo halina bahasha ya kulizuia.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Taja sheria moja au kanuni moja ya chuo unayoitii hata pasipo na anayekuona. Kwa nini unaitii?
2. Kuna tofauti gani kati ya nyavu za watu wa Sabato na VPN ya mtu aliyefungiwa mawasiliano na wazazi wake?
3. Ungekuwa mbunge mwaka 2018, ungetafutaje fedha za umma bila kuukata mguu wa tatu wa sheria?
4. Ni kitu gani ndani ya simu yako ambacho kimefichika kwa watu, na ungependa Allah akikute kimefutwa?

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.